Nimepitiliza siku 90 za kuripoti uhamiaji, sasa naogopa hata kwenda sokoni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza huku Thailand, mwaka wa tatu sasa, kwenye mji mdogo wa mkoani. Naomba uniwie radhi kama barua yangu itakuwa ndefu, maana sijapata mtu wa kumweleza jambo hili akanielewa bila kunitisha.

Tangu nifike, mambo ya uhamiaji yalikuwa mikononi mwa karani wa shule. Kila baada ya miezi mitatu alipita na bahasha, akakusanya pasi zetu walimu wanne wa kigeni, na jioni akazirudisha zikiwa na kijikaratasi kimebanwa kwa pini ya steplia. Sikuwahi kukisoma. Nilijua tu kwamba ni "ile ya siku 90". Karani huyo aliacha kazi mwishoni mwa Aprili. Aliyekuja baada yake ni kijana mpole, anashughulikia mishahara na vibali vya kazi, na mimi nikadhani na hii ya siku 90 anaijua.

Tarehe 2 Septemba nilikuwa natafuta picha ndogo kwenye droo, nikaishika pasi, nikakifunua kile kijikaratasi. Pini yake imeshaanza kuota kutu. Tarehe ya kuripoti iliyoandikwa pale ni 14 Julai. Shangazi, nilihesabu kwa vidole kama mtoto: siku 50 zimepita.

Usiku ule nilimpigia dada mmoja wa kwetu anayefanya kazi Bangkok. Akaniambia nimekwisha, kila siku niliyochelewa ni baht 500, nikikamatwa nitawekwa mahabusu na kupigwa marufuku kurudi Thailand. Mwingine kwenye kundi letu la WhatsApp akasema nisihangaike, nisubiri tu likizo ya Oktoba, nikitoka nchini hesabu itaanza upya yenyewe na hakuna atakayejua. Kisha akajitokeza mtu anayejiita wakala. Anataka baht 8,000 na pasi yangu, ataniletea kijikaratasi kipya chenye tarehe ya Julai, nisikanyage ofisi yoyote.

Kuna na jambo la pili. Mwezi wa Juni nilihama bweni la shule, nikapanga chumba. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, mwema kwangu, huniachia ndizi mlangoni. Lakini nilipomwomba aniandikishe uhamiaji alipunga mkono akasema "mai pen rai", yaani haina neno. Nilipomwomba mara ya pili akanuna. Nadhani anaogopa kodi ya serikali. Kwa hiyo anwani iliyoko uhamiaji ni ya bweni, na mimi siishi tena pale.

Muda wangu wa kukaa uliopigwa muhuri kwenye pasi unaisha 30 Oktoba. Nimeshakata tiketi ya kwenda nyumbani kumwona mama, naondoka 8 Oktoba na kurudi 24. Tangu siku ile sijaenda soko la jioni kwa sababu polisi husimama pale kwenye njia panda. Nikiona sare naingia kichochoroni. Mume wangu yuko nyumbani, sijamwambia. Ninajiona mzembe, mtu mzima aliyeshindwa kusoma karatasi moja. Nifanye nini?

Mwalimu mwenye hofu

*

Marahaba mwanangu.

Ichukue pasi yako sasa hivi, uifungue kwenye ule muhuri wa kuongezewa muda. Umesema unaishia 30 Oktoba. Basi leo, unaposoma majibu haya, unakaa Thailand kihalali. Wewe si mtu aliyezidisha muda wa kukaa. Nalisema hili mwanzo kwa sababu dada yako wa Bangkok amechanganya makosa mawili, na kuchanganya huko ndiko kunakokuingiza vichochoroni.

Kuzidisha muda ni kubaki nchini baada ya tarehe ya muhuri kupita. Hilo ndilo lenye baht 500 kwa siku, hadi kikomo cha baht 20,000, na ndilo ambalo tangu tarehe 20 Machi 2016 lina adhabu ya kupigwa marufuku kurudi, kuanzia mwaka mmoja hadi kumi, kutegemea muda uliozidisha na kama ulijisalimisha au ulikamatwa. Wewe hauko humo.

Kosa lako ni la kutotoa taarifa ya mahali unapoishi. Sheria ya Uhamiaji ya Thailand ni ya mwaka 2522 kwa kalenda yao, yaani 1979 kwa yetu, na kifungu chake cha 37 kinamtaka mgeni wa kukaa kwa muda anayepitisha siku 90 mfululizo aiambie serikali anakaa wapi, kisha arudie kila zinapotimia 90 nyingine. Kuripoti huko hakuongezi muda wa kukaa wala hakuupunguzi, na hakuna ada. Ukiripoti kwa wakati, hulipi hata senti. Wageni wengi hushangaa, kwa sababu nchi nyingine hukutaka uripoti pale tu unapohama: Marekani inakupa siku 10, Japani siku 14, Ujerumani wiki mbili. Thailand inakuuliza hata kama hujasogeza kitanda.

Sasa faini. Adhabu ya juu kabisa iliyomo katika sheria ni baht 5,000, na nyongeza isiyozidi 200 kwa kila siku hadi utakapotimiza wajibu. Hizo ndizo namba ambazo watu huzinukuu kutisha wenzao. Lakini Idara ya Uhamiaji yenyewe imetangaza utaratibu wake: anayechelewa akaja mwenyewe, anatozwa baht 2,000. Anayekamatwa bila kuripoti anatozwa zaidi ya hiyo. Kwa hiyo tofauti kati ya wewe kupanda basi asubuhi kwenda ofisini na wewe kukutwa pale njia panda ni pesa, na ni fedheha. Nenda kwa miguu yako. Kila siku unayojificha unajiweka kwenye lile kundi la pili kwa hiari.

Niliishi Bangkok miaka kadhaa na mume wangu alikuwa na kibali cha kazi kama chako. Mwaka mmoja alisahau akapitiliza siku tisa. Tulikwenda kule Chaeng Watthana, kwenye lile jengo kubwa la ofisi za serikali, tukachukua namba ya foleni, tukakaa na matumbo yametukaza. Ilipofika zamu yetu, afisa alikitazama kijikaratasi cha zamani, akakigeuza, akabonyeza kikokotoo akatuonyesha kioo chake: 2000. Hakuinua sauti. Mume wangu alisaini karatasi ya kukiri kuchelewa, akalipa, akapewa stakabadhi, kisha kijikaratasi kipya kikabanwa palepale pa kile cha zamani. Tulitumia muda mrefu zaidi kutafuta mahali pa kupiga fotokopi kuliko kukaa mbele ya afisa yule. Sikuahidi kwamba wako atakuwa mpole vilevile, maana kila ofisi ya mkoa ina mazoea yake. Lakini nataka uione ile kaunta kama ilivyo, badala ya mahabusu uliyojengewa kichwani.

Huyo wakala mwache. Nakuomba kwa msisitizo wote nilio nao. Kumtuma mtu akuripotie si kosa, sheria inaruhusu, na ndivyo karani wenu alivyokuwa akifanya miaka yote. Lakini huyu hakuombi akuripotie. Anakuahidi karatasi ya Julai mwezi wa Septemba, na karatasi ya namna hiyo haiwezi kuwa halali. Taarifa yako inaingizwa kwenye kompyuta siku uliyoripoti. Kijikaratasi ni ushahidi tu wa kile kilichomo mle. Afisa akitazama skrini asikuone Julai, utakuwa umetoka kwenye kosa la faini ya baht 2,000 ukaingia kwenye kosa la jinai la kutumia nyaraka ya serikali ya kughushi, tena umelipia baht 8,000 ili uingie. Na pasi yako itakuwa mikononi mwa mtu usiyemjua.

Yule wa WhatsApp amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza. Ni kweli kwamba ukitoka nchini na kurudi, hesabu ya siku 90 inaanza upya siku ya muhuri mpya wa kuingia. Lakini hakuna mahali sheria inaposema kwamba kosa lililokwisha kutendeka linafutwa na safari. Wewe Oktoba unataka kuomba kuongezewa muda, na utakuwa umekaa mbele ya afisa na pasi wazi mezani. Je, unataka siku hiyo ndiyo mara ya kwanza aulizie Julai? Halafu kuna mwezi mzima kati ya sasa na ndege, mwezi wa kupita vichochoroni. Huo peke yake unatosha kunifanya nikukatalie.

Tuje kwa mama mwenye nyumba, maana hapa ndipo penye kazi.

Kuna wajibu mbili tofauti. Wewe unaripoti siku 90 kwa fomu ya TM47. Mwenye nyumba, au anayeishika nyumba hiyo kwa wakati huo, anatakiwa na kifungu cha 38 kuiarifu uhamiaji ndani ya saa 24 tangu mgeni aanze kulala kwake, na hiyo ndiyo fomu ya TM30. Hoteli huifanya bila wewe kujua. Nyumba za kupanga ndizo zinazosahau. Na wewe uliyehama nawe ulitakiwa kutoa taarifa ya anwani mpya ndani ya saa 24. Ofisi nyingi, kabla ya kupokea TM47, hutazama kama TM30 ya anwani hiyohiyo imo. Ukifika na anwani ya chumba kipya wakati kompyuta inakuonyesha bwenini, unaweza kurudishwa. Na ukiandika anwani ya bweni ili upite haraka, utakuwa umesema uongo kwenye fomu ambayo kazi yake pekee ni kusema unaishi wapi. Usifanye hivyo.

Yule mama ana hofu kama wewe. Anaposikia neno uhamiaji anawaza kodi, faini na maafisa mlangoni. Ukirudi kwake na maneno ya sheria atanuna zaidi. Mtafute mwalimu mwenzako wa Kithai, mtu mzima, mwanamke ikiwezekana, muende pamoja jioni. Aongee yeye. Mambo matatu yasemwe. La kwanza, fomu hii inapelekwa uhamiaji kueleza mgeni amelala wapi, basi. Haiulizi pango analopokea. La pili, faini ya mwenye nyumba wa kawaida kwa kuchelewa haizidi baht 2,000 kisheria, na wewe uko tayari kuilipa, kwa kuwa kuchelewa huku kumetokana pia na wewe kutolisimamia mapema. La tatu, hahitaji kwenda popote. Unachomwomba ni nakala ya kitambulisho chake na ya kitabu cha nyumba, kile cha jalada la bluu wanachokiita tabien baan, kila nakala ameisaini na kuandika kwamba ni kwa ajili ya TM30 tu. Hilo la kuandika matumizi juu ya nakala Wathai wenyewe hulifanya, nalo litamtuliza, maana anajua karatasi yake haiwezi kutumika kwingine.

Akikataa bado, usikate tamaa. Sheria haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja pia anayeishika nyumba, na kwa msingi huo ofisi nyingi humpokea mpangaji akileta mkataba wa pango. Mwombe karani mpya wa shule aipigie simu ofisi ya mkoa wako kwa Kithai, aulize swali moja: mpangaji akija na mkataba bila mwenye nyumba, mnampokea? Jibu la ofisi yako ndilo la kufuata, kuliko la Bangkok au la kwangu. Na kama wakikataa, huyo mama bado ni mwema, lakini chumba ambacho huwezi kukitaja serikalini hakikufai, na bweni bado lipo.

Siku ya kwenda iwe wiki hii. Omba ruhusa ya asubuhi nzima. Ofisi nyingi hufunga kaunta saa sita hadi saa saba mchana, kwa hiyo ukifika saa tano na nusu umejipotezea siku. Vaa unavyovaa darasani, mabega yamefunikwa. Beba pasi halisi, kijikaratasi cha zamani kikiwa palepale kilipobanwa (usikichomoe), TM47 iliyojazwa, na fotokopi za ukurasa wa picha, muhuri wa mwisho wa kuingia na muhuri wa kuongezewa muda, zote umezisaini. Weka na mkataba na zile nakala za mama. Anza na kaunta ya TM30, umalizie na ya siku 90. Beba baht 4,000 taslimu, zitoshe kwa ile 2,000 ya siku 90 na kwa faini ya TM30 hata ikiwa ya juu. Usijaribu kuripoti mtandaoni safari hii, kwa kuwa mfumo hupokea taarifa kabla ya tarehe kufika, na wewe imeshapita. Ukifika mbele ya afisa msalimie kwa viganja viwili kifuani, sema umechelewa, sema umekuja kulipa. Usimsimulie habari za karani aliyeacha kazi. Si kwamba ni uongo. Ni kwamba sheria imemtaja mgeni, haikumtaja mwajiri wake. Dai stakabadhi ya kila faini uliyolipa, uihifadhi pamoja na pasi.

Kuhusu safari, naona hatari ambayo hukuitaja. Ukitoka Thailand bila kibali cha kurudi, muda wako wote wa kukaa unakufa pale uwanja wa ndege, na viza ya kazi utaianza mwanzo. Kibali hicho ni baht 1,000 kwa kurudi mara moja na 3,800 kwa kutoka na kuingia mara nyingi. Na kinaishi kadiri muda wako wa kukaa unavyoishi: cha sasa kitafia 30 Oktoba, na wewe unarudi 24. Ndege ikiahirishwa, mama akizidiwa ukabaki wiki moja, umepoteza vyote. Maombi ya kuongezewa muda hupokelewa siku 30 kabla ya kuisha, yaani kuanzia 30 Septemba. Isukume shule iandae barua zake sasa, uombe katika siku zile nane kabla hujapanda ndege, kisha ndipo uchukue kibali cha kurudi. Ombi lenyewe ni baht 1,900.

Na hapa kuna mtego ambao huenda ndio uliowalaza usingizi wewe na huyo kijana wa ofisini. Ombi la kwanza kabisa la kuongezewa muda huhesabiwa kama umeripoti siku 90. Ya miaka inayofuata hayahesabiwi. Ulipoongezewa mwaka wa kwanza mambo yalijipa yenyewe. Kuanzia wa pili ni safari mbili tofauti, hata kama zimeangukia wiki moja.

Ukirudi 24 Oktoba, ile tarehe utakayopewa wiki hii haitakuwa na kazi tena. Hesabu inaanza na muhuri wa siku hiyo, na siku ya 90 itaangukia mwishoni mwa wiki ya tatu ya Januari. Mlango wa kuripoti hufunguka siku 15 kabla ya tarehe, na ukienda mwenyewe una siku 7 za msamaha baada yake, bila faini. Nakushauri uweke alama mbili kwenye simu, moja mlango unapofunguka na moja wiki moja baadaye. Kuanzia hapo unaweza kujaribu mtandaoni, ukiwa bado na siku za kutosha kwenda kaunta endapo watakukatalia.

Umesema unajiona mzembe. Mwanangu, uliikabidhi karatasi kwa mtu aliyeifanya vizuri zaidi ya miaka miwili, naye akaondoka bila kukwambia. Kosa ni lako mbele ya sheria, na utalilipia. Zaidi ya hapo hudaiwi na mtu. Mwambie mumeo leo, kabla hujaenda. Utalala vizuri zaidi akijua uko wapi asubuhi hiyo.

Halafu kuna wale walimu watatu. Pasi zao zilikuwa ndani ya bahasha ileile ya Aprili, na zikabaki bila kuchukuliwa Julai kama yako. Kesho kabla ya kipindi cha kwanza waambie wafungue, wasome tarehe. Huenda mkajaza basi moja kwenda mkoani.

Niandikie ukitoka huko. Nataka kujua kijikaratasi kipya kinasema tarehe ngapi, na kama mama wa ndizi alikubali kusaini.